Upepo wa Magurudumu: Habari za Mpira, Mawe na Matope



Msafiri atokaye Sake kuingia mjini Goma hupita Ndosho, mtaa wa komini ya Karisimbi, upande wa magharibi. Hapo kando ya barabara kubwa wapo makwado wengi, yaani mafundi wa kuziba mipira ya magari, ile tuiitayo pine. Alama yao yajulikana na watu wote: mpira mkuukuu uliosimamishwa njiani, beseni la maji ya kutafutia tundu, na kompresa ndogo yenye kelele nyingi.

Siku moja ya mvua tulikuwa tumejikinga chini ya bati la kwado mmoja. Likaja gari polepole, limejaa udongo hata madirishani, na mipira yake yote minne imelegea. Kijana mmoja motari, aliyekuwa akingoja zamu yake, akamwuliza shofere, “Papa, nani amekutoboa mara nne kwa siku moja?” Mzee akajibu, “Hakuna aliyenitoboa. Nilitoa upepo mwenyewe kule juu Masisi, sababu ya matope. Kompresa ya Sake haikuwa na mafuta, basi nimekuja mwendo wa punda.” Kijana akacheka sana, akasema, “Unautupa bure, halafu unaununua kwa feza!”

Sisi nasi tulicheka. Lakini baadaye tukajiuliza: mzee huyu alijuaje kadiri ya upepo wa kutoa? Na kwa nini aliona ni lazima kuurudisha kabla ya kuingia mitaani? Tukaanza kutafuta, tukaona kwamba jambo hili dogo lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo imo jasho ya mafundi, imo na damu ya wazee wetu. Yafaa wakristu wasafirio waijue, maana kati ya vilima vyetu na mji, gurudumu ndilo libebalo wagonjwa, chakula, na Mapadri waendao kutoa sakramenti.

Gurudumu kabla ya upepo

Tangu zamani sana gurudumu lilikuwa kitu kigumu. Lilifanywa kwa mti, baadaye likavikwa chuma. Hata leo twaona mfano wake kila siku: chukudu yetu, ambayo Goma imeijengea sanamu ya rangi ya zahabu, yatembea kwa magurudumu ya mti. Mwenye chukudu huyavika ukanda wa mpira uliokatwa katika pine iliyokufa, ili mti usilike upesi. Ndani yake hamna upepo hata kidogo.

Mpira wenyewe ni utomvu wa miti na mitambaa fulani. Zamani Wazungu hawakuweza kuutumia vizuri: wakati wa joto uliyeyuka, wakati wa baridi ulipasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aliona kwamba ukichanganywa na salfa na kupikwa kwa moto mkali, huwa imara, tena hujikunja bila kuvunjika. Mwaka 1845 kijana Mskoti, Robert William Thomson, alipewa hati ya serikali ya Uingereza kwa kubuni gurudumu lenye upepo ndani ya mfuko wa mpira. Alikuwa na miaka 23 tu. Lakini wakati ule baisikeli nzuri na motokari havijakuwako bado, wala mpira haukuwa rahisi kupatikana. Basi kazi yake ikasahauliwa.

Miaka 43 ikapita. Katika mji wa Belfast, nchi ya Ireland, alikuwako mganga wa nyama jina lake John Boyd Dunlop. Mwanawe mdogo alikuwa na baisikeli ya magurudumu matatu, naye alilalamika kwa kutikiswa juu ya mawe ya mji. Baba akakunja bomba la mpira kuzunguka gurudumu, akalitia upepo. Mwaka 1888 akapata hati yake. Na ingawa baadaye watu waligundua kwamba Thomson alimtangulia, sifa ya kuueneza mpira wa upepo ni ya Dunlop. Mwaka 1889 mwendesha baisikeli William Hume aliingia katika mashindano ya Belfast na mipira hiyo minene. Watu waliiona kuwa kichekesho, lakini akawashinda wenzake, na tangu siku ile hawakucheka tena.

Yafaa tukumbuke: upepo ulitiwa katika gurudumu kwa sababu ya mtoto aliyeumizwa na mawe. Ndiyo kazi yake ya kwanza, kulifanya gurudumu likubali kubonyea kidogo mbele ya njia badala ya kupigana nayo.

Deni la mpira

Hapa hatuwezi kupita upesi. Baisikeli za Ulaya, na kisha motokari, zilitaka mpira mwingi. Mashamba ya mpira ya Asia, yaliyotokana na mbegu alizozitoa Henry Wickham kule Brazili mwaka 1876, yalikuwa hayajaanza kuzaa vya kutosha. Lakini misitu ya Kongo ilijaa mitambaa yenye utomvu. Nayo Kongo, tangu 1885, ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji.

Watu wa misitu ya Ekwatori na sehemu nyingine wakalazimishwa kuleta mpira kama kodi. Aliyepunguza alipigwa fimbo; wanawake walifungwa mpaka waume zao walete vikapu vilivyojaa; vijiji vilichomwa; askari walikata mikono ya watu ili kuonyesha kwamba risasi zao hazikupotea bure. Mwaka 1890 mpira uliotoka Kongo ulikuwa kadiri ya tani mia na kidogo. Mwaka 1901 ulifika karibu tani 6,000. Kila tani ina hesabu yake mbele ya Mungu.

Mwaka 1904 mtu mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misioni ya Waprotestanti ya Baringa, amebeba ndani ya majani mkono na mguu wa binti yake mdogo. Bibi Mwingereza wa misioni, Alice Seeley Harris, alimpiga picha ameketi akivitazama. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani. Mwaka uleule ilitolewa ripoti ya Roger Casement, konsoli wa Uingereza, juu ya mambo aliyoyaona mwenyewe katika safari yake ya 1903. Kwa upande wetu Wakatoliki yapasa tuungame kweli: wengi walinyamaza, wengine walidhani ni fitina ya Waprotestanti. Mjesuiti Mbelgiji, Padri Arthur Vermeersch, hakunyamaza. Mwaka 1906 alitoa kitabu cha kuulaumu utawala ule. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ilitoka mkononi mwa mfalme, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Kwa nini twasimulia haya katika habari ya upepo na matope? Kwa sababu pine siyo kitu kilichoanguka toka mbinguni. Sehemu ya mpira uliolainisha njia za Ulaya ilitoka kwa watu wasiokuwa na njia nzuri hata moja. Aendeshaye gari leo Kivu anatumia kitu ambacho wazee wa nchi hii walikilipia sana, basi asikiharibu kwa uvivu.

Hesabu ya ndugu Michelin

Sasa turudi kwa mafundi. Katika Ufaransa walikuwako ndugu wawili, André na Édouard Michelin. Mwaka 1891 walitengeneza mpira wa baisikeli uwezao kuvuliwa na kuzibwa upesi, na mwaka uleule Charles Terront aliutumia akashinda mbio za kutoka Paris mpaka Brest na kurudi. Mwaka 1895 wale ndugu waliingiza motokari yenye mipira ya upepo katika mbio za Paris na Bordeaux. Walitobokewa mara nyingi, wakafika wamechelewa. Lakini walifika, na watu wakaona kwamba upepo waweza kubeba hata motokari.

Mipira ya zamani hizo ilikuwa myembamba, ikishindiliwa upepo kilo 4 au zaidi. (Tunaposema kilo moja ya upepo, maana yake ni nguvu ya kilo moja juu ya kila sentimeta mraba.) Mwaka 1923 Michelin walitoa mpira mpana zaidi, wakauita Confort, uliohitaji kilo 2 na nusu tu. Mwaka huohuo Wamarekani nao walianza kuuza mipira minene ya upepo mdogo. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuelewa kwamba upepo mwingi siyo kila mara nguvu nyingi.

Tufanye hesabu kama watoto wa shule. Gari moja na mzigo wake lina kilo 2,800. Kila gurudumu labeba kilo 700. Ukitia upepo wa kilo 2.8, mpira utakanyaga chini kadiri ya sentimeta mraba 250, yaani kipande cha sentimeta 16 kwa 16 hivi. Ukiupunguza mpaka kilo 1.4, utakanyaga sentimeta mraba 500, mara mbili ya kwanza. Uzito ni uleule, lakini umeenezwa. Kwa kweli ubavu wa mpira nao una ugumu wake, kwa hiyo hesabu haitimii sawasawa. Walakini njia ya mambo ndiyo hiyo. Mtu akipita penye tope kwa kisigino atazama, lakini akilaza ubao na kupita juu yake atavuka.

Mchanga na vita

Waliojifunza hesabu hii kwa shida kuliko wote ni watu wa jangwa. Tangu mwaka 1927 ofisa Mwingereza, Ralph Bagnold, aliyekuwa Misri, alianza kuingia katika jangwa la Libya kwa magari madogo ya Ford. Wenyeji na wageni walisema kwamba gari haliwezi kuvuka milima ile ya mchanga. Bagnold na rafiki zake wakajifunza kutoa upepo penye mchanga laini, kuchukua mabati ya kutandika chini ya magurudumu, na kuurudisha upepo walipofika penye changarawe. Mwaka 1940, wakati wa vita, ujuzi huo ulitumika kuunda kikosi cha askari wa safari ndefu jangwani.

Mwaka 1942 Wamarekani walitengeneza gari liogeleao, liitwalo DUKW. Lilitoka baharini likapanda mchanga wa pwani, kisha likashika barabara. Njia tatu katika saa moja! Basi mafundi wakalitia mabomba, hata shofere akaweza kuongeza na kupunguza upepo akiwa amekaa kitini pake. Tarehe 6 Juni 1944 na siku zilizofuata, magari hayo yalibeba shehena pwani ya Normandie.

Tazameni jambo hili: mafundi wale hawakutafuta kadiri moja ya upepo ya kufaa pote. Waliona haipo. Walitafuta namna ya kubadili upesi.

Wamisionari na magari yao

Misioni nazo zilikuwa na haja ya magurudumu. Padri Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alikuwa na rafiki mmisionari, Padri Otto Fuhrmann, katika Afrika ya Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo. Mwaka 1925 rafiki huyo alishikwa na homa, na daktari alikuwa mbali safari ya siku nyingi. Akafa. Padri Schulte, aliyekuwa rubani wa ndege wakati wa vita kuu ya kwanza, hakuweza kuisahau habari hiyo. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege. Mpaka leo MIVA za nchi mbalimbali zaendelea kutoa magari na baisikeli kwa misioni na hospitali.

Baada ya 1945 magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne yalienea: kwanza Jeep za vita, tangu 1948 Land Rover, halafu Land Cruiser za Wajapani. Wengi wakadhani kwamba tope limeshindwa. Lakini nguvu nne juu ya mipira migumu iliyojaa udongo huzungusha tu magurudumu manne badala ya mawili, na kuchimba mashimo manne.

Tope la Afrika ya Mashariki lilijulikana ulimwenguni kote kwa mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, kwa sababu ya mvua, kati ya magari 84 yaliyoanza yalifika 7 tu. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua zikarudi, magari 7 tu tena yakafika, na wawili walewale wakashinda. Mashirika makubwa ya Ulaya yalileta mafundi wao na madereva hodari, lakini hakuna mgeni wa ng'ambo aliyeshinda mpaka mwaka 1972, aliposhinda Hannu Mikkola wa Finland. Miaka karibu 20! Wenyeji walikuwa wameizoea mvua, walijua rangi ya udongo, na walijua penye sakafu ngumu chini ya tope na penye shimo lisilo na mwisho.

Toka Ndosho mpaka Masisi

Sasa tufike kwetu. Mungu ameiweka Goma mahali penye namna mbili za njia zenye kupingana.

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilitoa moto tarehe 10 Januari 1977, tena 17 Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, tena 22 Mei 2021. Nyamulagira nayo, kati ya 1938 na 1940, ilimwaga moto hata ukafika ziwani karibu na Sake. Moto huo ukipoa huwa jiwe jeusi lenye meno. Barabara kubwa ya Sake ina lami, lakini ukikunja kuingia mitaani Ndosho, mara meno hayo yako chini yako. Hapo mpira uliolegea ni hatari. Ubavu wake hutokeza nje, nao ubavu ni mwembamba kuliko unyayo; jiwe huukata kama kisu, na kwado hawezi kuziba ubavu uliokatwa ukawa salama.

Lakini ukiisha kupita Sake na kupanda milima ya Masisi, mawe yanakwisha na udongo unaanza. Wakati wa mvua, tangu Septemba mpaka Desemba, na tena tangu Machi mpaka Mei, udongo huo huwa kama sabuni. Kamyo zenye mizigo ya viazi, maharagwe na jibini huchimba mifereji mirefu. Vita vimeifunga na kuifungua njia hii mara nyingi. Lakini hata siku za amani mvua hufunga bila bunduki. Hapo mpira mgumu hushindwa: mikunjo yake hujaa udongo, hauwezi kujinyosha na kuutupa, basi huteleza kama papai juu ya sahani.

Mashofere tuliowauliza wametuambia haya, nayo yapatana na hesabu tuliyofanya hapo juu.

Kwanza, shuka ulitazame tope kabla ya kugusa upepo. Chomeka fimbo. Ikiwa tope ni la kina kifupi na chini yake pana sakafu ngumu, mara nyingi yafaa kuuacha mpira wembamba na upepo wake wa kawaida ukate mpaka chini ushike. Ikiwa fimbo yazama bila kufika, au udongo wateleza juu juu, hapo punguza upepo.

Pili, punguza kwa kiasi. Wengi huanza kwa kutoa robo ya upepo, wakishindwa hufika theluthi. Gari lenye kilo 2.4 litashuka mpaka 1.8, kisha 1.6. Chini ya kilo moja mpira waweza kuchomoka katika chuma cha gurudumu, hasa ukikata kona kwa nguvu. Kamyo yenye mzigo mkubwa isifuate mfano wa gari dogo, maana uzito utauvunja mpira. Dawa yake ni kupunguza mzigo, kutia minyororo, au kungoja jua.

Tatu, usipime kwa jicho. Mipira ya siku hizi yenye nyuzi za chuma, ya namna iliyoanza kuuzwa na Michelin mwaka 1949, huonekana imelegea kidogo hata ikiwa na upepo wa kutosha. Kipimo kidogo cha mfukoni chagharimu feza kidogo kuliko pine moja.

Nne, mwenye mpira laini aende polepole. Mpira uliolegea hujikunja kila uzungukapo, na kujikunja huleta joto. Katika tope joto hilo halionekani. Katika lami, ukikimbia, mpira waweza kupasuka.

Tano, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote: ukitoka katika tope, urudishe upepo kabla ya mawe.

Kosa letu wenyewe

Tunayaandika haya si kama walimu wasio na doa. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Novemba, tulikuwa katika kijiji kimoja juu ya Masisi kufundisha wakatekumeni. Usiku tukaitwa: mama mmoja alikuwa katika uchungu wa kuzaa siku ya pili, na muuguzi wa pale alisema lazima apelekwe mjini. Likapatikana gari. Shofere alikuwa kijana mwema, naye alijua kazi ya tope. Alitoa upepo, akatushusha mlima wote ule bila kukwama hata mara moja. Tulimshukuru Mungu, tukawa tumeanza kushangilia.

Tulipofika Sake, fundi alikuwa macho, na kompresa yake ilikuwa nzima. Akasema, “Mtie upepo kwanza, ni dakika kumi tu.” Shofere akatutazama sisi, maana ndio tuliokuwa wakubwa katika gari. Mama alikuwa akilia. Tukasema, “Hapana, twende mbio.” Yeye akatii.

Katika lami alikimbia kadiri alivyoweza. Tulipokunja kuingia Ndosho, tukaanza kusikia harufu ya mpira moto. Mbele kidogo jiwe likakata ubavu wa pine ya mbele. Kabla hajasimama, ya nyuma nayo ikakatwa. Pine ya akiba ilikuwa moja. Saa kumi ya usiku hakuna kwado aliye macho, na motari hawezi kumbeba mama wa namna ile.

Tulipoteza karibu saa nzima kwa kugonga milango ya watu. Mwisho akatoka mzee mmoja na chukudu yake. Tukalaza godoro juu, tukamweka mama, watu wanne tukaishika kila upande ili isiruke juu ya mawe. Ndivyo alivyofika hospitali, kwa magurudumu ya mti yasiyo na upepo wowote.

Mama alipona. Mtoto hakuzaliwa hai. Daktari hakutuambia kwamba ni kwa sababu ya saa ile moja, wala sisi hatukuthubutu kumwuliza. Lakini dakika kumi za Sake tunazikumbuka kila tukisikia kompresa ikinguruma.

Neno la mwisho

Seminarini tulifundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba busara haitoshi kujua sheria ya wote. Yapasa ijue pia jambo hili moja lililo mbele ya macho. Tulilishika neno hilo kwa mtihani, tukalisahau njiani. Tope la Masisi lilitaka tulegee, nasi tulilegea vema. Mawe ya Ndosho yalitaka tuwe wagumu, nasi tulikuwa bado na akili ya tope. Haraka yetu ilikuwa ya upendo, lakini upendo usiotazama njia waweza kuumiza.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa shofere, nunua kipimo, tena usione haya kusimama. Ukiwa abiria, usimharakishe shofere asimamaye kutazama magurudumu. Mwombee, na ukiweza umsaidie kulipa kompresa. Ukiwa na gari la parokia, jua kwamba limenunuliwa kwa sadaka za watu, labda watu wa mbali wasiotujua kwa sura. Na kila ukiona pine kuukuu imesimama kando ya njia, ukumbuke wazee wa misitu walioumwagia mpira damu yao, ukawaombee pumziko la milele.

Yule mzee wa siku ya mvua tulimwona tena Ndosho. Tukamwuliza kama hachoki kutoa na kutia, kutoa na kutia. Akajibu, “Njia ndiyo inayobadilika, siyo mimi.” Akainama, akaendelea kupima gurudumu lake la nne.